Jibu Sahihi ni C

Msikilizaji, tuanze na mtihani mdogo. Mafuta yamemwagika kwenye sakafu ya ghala. Wewe ni mgeni kazini, huna hata wiki. Utafanyaje? A, utapita hivyo hivyo kwa kunyata. B, utamwachia atakayekuja nyuma yako. C, utamweleza msimamizi wako. Jibu sahihi ni C. Ukibonyeza C kisanduku kinakuwa kijani, katuni mwenye kofia ngumu ya njano anakupungia mkono, na swali la pili linafunguka. Waya wa mashine umechubuka: mweleze msimamizi. Ngazi imelegea mguu mmoja: mweleze msimamizi. Kichwa kinakugonga kwa harufu ya dawa ya kusafishia: mweleze msimamizi. Saa haijaisha, umefaulu, umeandika jina lako kama linavyosomeka kwenye kitambulisho, na cheti kimetoka. Masomo ya namna hii leo wanapewa wahudumu wa hoteli, wapakiaji wa maghalani, wafagiaji wa hospitali, walinzi na saidia fundi katika kila pembe ya dunia, na yanafanana kama maharage ya gunia moja. Nani aliwaambia wachoraji kwamba mtu anayeteleza kazini huanguka akitabasamu, hilo tuliache. Ninachotaka tukitazame leo ni hilo jibu C. Kila swali linaishia mlangoni kwa mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi hakuitwa darasani.

Hoja yangu ni hii. Mafunzo ya usalama yanayotolewa mtandaoni kwa wafanyakazi wa ngazi ya chini yana kasoro nyingi ndogo ndogo, lakini kasoro yake kubwa haihusiani na mtandao. Ni kwamba somo linapelekwa kwa mtu asiye na ufunguo. Anayefundishwa kuitambua hatari ni yule ambaye hawezi kuzima mashine bila ruhusa, hawezi kuagiza ngazi mpya, hawezi kupunguza kasi ya kazi, na akisema sana, kesho asubuhi jina lake halisomwi getini pamoja na majina ya vibarua wenzake. Wenye ufunguo, yaani nyapara, meneja na mwenye mali, wao hupokea ripoti kwamba wafanyakazi wote wamehitimu.

Naomba nisieleweke kwamba nayabeza mafunzo. Shirika la Kazi Duniani, ILO, linakadiria kuwa karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu zinazotokana na kazi zao. Kama 330,000 kati yao huuawa na ajali. Waliobaki, kiasi cha milioni 2.6, humalizwa polepole na maradhi ya vumbi, ya kemikali, ya moyo uliochoshwa na saa nyingi za kazi. Wengine milioni 395 huumia kila mwaka bila kufa. Na anayeumia kwa urahisi zaidi ni mgeni. Taasisi ya utafiti wa kazi na afya iliyoko Toronto, Kanada, imeonyesha mara kwa mara kwamba mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza kazini ana hatari ya kuumia inayozidi mara tatu ya mwenzake aliyepita mwaka mmoja kwenye kazi ileile. Hajui mashine inavyopiga kelele inapotaka kukwama, hajui kona ambayo foklifti hutokea ghafla, na anaona haya kuuliza. Kwa hiyo kumfundisha mgeni ni jambo la lazima, na la siku ya kwanza. Swali ni somo hilo linaweza kufanya nini peke yake.

Tafiti zina majibu, na majibu yenyewe yanatahadharisha. Mwaka 2012 watafiti wa taasisi hiyohiyo ya Toronto, wakiongozwa na Lynda Robson, walichapisha mapitio ya tafiti nyingi za mafunzo ya usalama. Walikuta ushahidi mzito kwamba mafunzo hubadili namna watu wanavyofanya kazi. Lakini walipouliza swali linalofuata, je, wanaumia kidogo zaidi, ushahidi haukutosha kusema ndiyo. Miaka sita kabla yao, Michael Burke na wenzake walikuwa wamekusanya tafiti 95 zilizohusu watu karibu 21,000. Waliona kwamba kadiri mafunzo yanavyomshirikisha mtu, kwa kushika, kujaribu, kukosea na kusahihishwa palepale, ndivyo anavyoelewa zaidi na ndivyo ajali zinavyopungua. Mhadhara, kipeperushi na video ya kutazama tu vilikuwa chini kabisa. Somo la kompyuta linalomjibu mwanafunzi lilikaa katikati. Hilo ni jambo la haki kulisema: kuna kozi za mtandaoni zilizotengenezwa kwa akili, na kuna walimu wa ana kwa ana wanaosoma karatasi tangu mwanzo mpaka mwisho huku darasa zima limelala.

Tulichukue somo moja tulitazame kwa karibu, lile ambalo karibu kila kozi inalo: kunyanyua mzigo. Tanua miguu, piga magoti, nyoosha mgongo, kumbatia mzigo kifuani, kisha inuka kwa nguvu za mapaja. Katuni hufanya hivyo kwa mkogo kabisa, na boksi lake halina uzito. Mwaka 2011 mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba uitwao Cochrane ulipitia tafiti za mafunzo hayo kwa wabeba mizigo, ukahitimisha kwamba hayazuii maumivu ya mgongo. Ukiijua kazi yenyewe hushangai. Kuli anayeshusha lori la saruji analipwa kwa kiasi alichoshusha. Mfuko wa saruji wa huku kwetu una kilo 50, na lori la tani 10 lina mifuko 200. Apige magoti mara 200 kwa utaratibu wa katuni, jua la saa saba likiwa utosini, huku mwenzake anajitwika begani na kumpita? Hata akitaka, magoti yenyewe yatagoma kabla ya mfuko wa hamsini. Uingereza nako mfuko wa saruji ulikuwa kilo 50. Leo wa kawaida una kilo 25. Mgongo wa Mwingereza haukufundishwa kuwa wa chuma. Uliopunguzwa ni mfuko, na aliyeupunguza ni mwenye kiwanda baada ya kubanwa, kwa sababu yeye ndiye mwenye mashine ya kujaza. Kenya ina mfano wake, ingawa ulikuja kwa mlango wa nyuma: kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko, ili mkulima asiibiwe kwa lumbesa. Zilitungwa kwa ajili ya bei, lakini popote zinapofuatwa, kuli wa sokoni naye amepona, na hana cheti cha mtandaoni hata kimoja.

Wataalamu wa fani hii wanalijua jambo hili vizuri kuliko mimi. Wana ngazi yao wanayofundishana tangu mwaka wa kwanza. Kwanza, kiondoe kihatarishi chenyewe, yaani kitu kinachoweza kudhuru. Ukishindwa, kibadilishe na chenye nafuu. Ukishindwa, kitenganishe na mtu kwa uzio, kwa feni ya kuvuta vumbi, kwa kifuniko cha mashine. Ndipo zinakuja taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa buti, glavu na barakoa. Mafunzo yako ngazi ya nne kati ya tano, kwa sababu yanamtegemea binadamu asichoke, asisahau na asisukumwe. Huko ngazi za juu matokeo huonekana kwa macho. Qatar, ambako vijana wengi wa Afrika Mashariki wanalinda mageti na kubeba zege, ilirefusha mwaka 2021 katazo lake la kazi za juani: kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15, tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kazi za nje zisimame, na kipimo cha joto kikivuka kiwango kilichowekwa zisimame saa yoyote ile. Kwa takwimu zilizotolewa na ILO, wagonjwa wa joto waliofika kliniki za Hilali Nyekundu nchini humo walikuwa 1,520 mwaka 2020, wakawa 620 mwaka 2021, na 351 mwaka 2022. Amri haikumfundisha mtu kuvumilia jua, ilimtoa juani. Australia nayo ilihangaika kwa miaka na mawe ya kutengenezwa kiwandani yanayotandikwa juu ya meza za jikoni, ambayo vumbi lake huchakaza mapafu ya vijana wanaoyakata. Ikahimiza kukata kwa maji, ikahimiza barakoa, ikahimiza mafunzo. Mwishowe iliyapiga marufuku mawe yenyewe, tangu Julai 1, 2024.

Sasa turudi kwa jibu C. Aprili 23, 2013, huko Savar, pembezoni mwa Dhaka nchini Bangladesh, nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Mhandisi aliyeitwa kulikagua alisema watu watoke. Chini kulikuwa na maduka na tawi la benki. Juu kulikuwa na viwanda vya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Kesho yake benki haikufungua. Mafundi cherehani waliambiwa waingie, na wapo waliotishiwa kukatwa mshahara. Asubuhi hiyo umeme ukakatika, majenereta yakawashwa huko juu, jengo zima likatetemeka na kuporomoka. Walikufa watu 1,134. Miezi saba nyuma, mjini Karachi, Pakistan, watu zaidi ya 250 walikuwa wameteketea katika kiwanda cha nguo chenye milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo, na kiwanda hicho kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha mazingira bora ya kazi wiki chache tu kabla ya moto.

Angalia vizuri kilichotokea Savar. Hakuna aliyepungukiwa somo. Karani wa benki na fundi cherehani waliuona ufa uleule, kwenye ukuta uleule, siku ileile. Fundi hakuhitaji katuni ya kumwonyesha kwamba ukuta uliopasuka ni hatari. Wengi walisimama nje asubuhi ile wakisita kuingia. Walikwisha kujibu C. Waliyemweleza ndiye aliyewaambia waingie. Mwajiri mmoja alifunga ofisi, mwingine akafungua kiwanda, na hapo ndipo uhai na kifo vilipoachana. Kama kungekuwa na kozi ya mtandaoni jioni ile, basi mwanafunzi wa kwanza kuisoma alipaswa kuwa meneja, na wa pili mwenye jengo.

Kilichofuata ndicho kinachonipa moyo, na ndicho kinachonifanya nisiyatupe mafunzo. Mei 2013 vyama vya wafanyakazi na kampuni za nje zinazonunua nguo Bangladesh zilitia saini mkataba wenye nguvu ya kisheria. Wahandisi walikagua viwanda zaidi ya 1,600. Mageti ya kukunja yenye makufuli yaliondolewa kwenye njia za kutokea, milango ya kuzuia moto ikafungwa mahali pake, nguzo dhaifu zikaongezewa nguvu, na kiwanda kilichogoma kilinyimwa oda. Pamoja na hayo yakaja mafunzo: kamati za usalama zenye wawakilishi wa wafanyakazi, mikutano ya wafanyakazi wote, mazoezi ya kutoka nje, na lile ambalo katuni haligusi, kwamba una haki ya kukataa kuingia mahali pa hatari, na kwamba ipo njia ya kupeleka malalamiko nje ya kiwanda bila kupitia kwa meneja. Somo la njia ya dharura lilikuwa lilelile la siku zote. Safari hii mlango ulikuwa wazi.

Najua kuna msikilizaji aliyekwisha kununa. Anasema wafanyakazi wenyewe wazembe: unampa kofia ngumu anaigeuza kiti, unampa glavu anazipeleka nyumbani, unamwambia asivute sigara karibu na petroli, anavuta. Sitakataa kwamba uzembe upo. Upo hata kwa marubani na madaktari. Lakini mgeni kazini hajifunzi kwa skrini peke yake. Anajifunza kwa kumtazama nyapara. Nyapara akishuka kwenye shimo la msingi bila kofia, akipiga kelele kwamba zege linaganda, kozi nzima imefutika hapo hapo, alama mia kwa mia na yote. Tena huyo tunayemwita mzembe mara nyingi ni mtu anayejaribu kuonekana hodari. Amepata kazi juzi, mkataba wake ni wa miezi mitatu ya majaribio, anaona wenzake wanasafisha mashine bila kuizima kwa sababu kuizima kunakula dakika kumi na kuna idadi ya kufikisha kabla ya saa sita. Akiizima yeye peke yake, ataitwa mzito. Hiyo idadi ya kufikisha haikupangwa na yeye. Na kifuniko cha mashine kinachostahili jina lake ni kile kisichokata kidole hata cha mtu aliyesinzia, maana usingizi wa zamu ya usiku hautibiwi kwa maswali ya kuchagua.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mtandao ni rahisi, unafika mbali, na unafundisha jambo lilelile kwa kila mtu. Ukisubiri mwalimu afike kila duka, kila shamba la maua na kila eneo la ujenzi, watu watakufa wakimsubiri. Kweli kabisa, na mfano bora ni wa jimbo la Ontario, Kanada. Tangu Julai 1, 2014, kila mfanyakazi wa jimbo hilo lazima apate mafunzo ya awali ya usalama, na serikali imeweka kozi ya bure mtandaoni isiyozidi saa moja. Lakini sikiliza na upande wa pili wa kanuni hiyo, ambao wengi wanaoinakili wameuacha njiani. Msimamizi naye analazimika kusoma, na kozi yake ni nyingine, inayomweleza wajibu wake anapopokea taarifa ya hatari. Na nyuma ya kozi zote mbili kuna sheria inayompa mfanyakazi haki ya kukataa kazi ya hatari, na wakaguzi wa kuisimamia. Jibu C lina mtu wa kulipokea. Sisemi Ontario hakuna anayeumia; nasema ukitaka kuazima kozi ya watu, azima na mlango wake.

Huko kufika mbali nako tukupime. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulihesabu mwaka 2024 kwamba watu bilioni 2.6 walikuwa bado hawatumii intaneti, na barani Afrika waliokuwa wakiitumia hawakufika wanne katika kila kumi. Wanaoachwa nje ndio wenye kazi za jembe, nondo na gunia. Mwenye simu janja naye ana suala la bando: video ya dakika arobaini inamla pesa ya chakula cha mchana, na akiipeleka kwa kijana wa steshenari amfungulie kwenye kompyuta, nani atamzuia kijana yule asimbonyezee majibu yote kwa shilingi elfu mbili, kisha akachapa cheti cha rangi? Halafu kuna lugha. Mwaka 2010 idara ya usalama kazini ya Marekani iliwakumbusha waajiri kwamba mafunzo lazima yatolewe kwa lugha na kwa msamiati ambao mfanyakazi anauelewa. Hayo ni mambo mawili, lugha na msamiati, na tafsiri nyingi za Kiswahili hushika la kwanza zikaangusha la pili. Kozi za Kiingereza zimejengwa juu ya maneno mawili tofauti, moja la kitu kinachoweza kudhuru, jingine la uwezekano wa kudhurika. Mtafsiri asiyejua kazi anaandika hatari kwa yote mawili, kisha anamuuliza mfanyakazi hatari na hatari zinatofautianaje. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi wa Tanzania, OSHA, unatumia neno vihatarishi kwa lile la kwanza, na neno limekubali vizuri. Bakuli la mafuta yanayochemka ni kihatarishi. Likiwekwa ukingoni mwa meza ambapo watu wanapita mbio, hapo hatari imezaliwa. Mama lishe anaelewa sentensi hiyo bila katuni, na anaweza kukuongezea nyingine kumi.

Pingamizi la tatu ni la mfuko. Mwajiri mdogo, mwenye karakana ya kuchomelea au mgahawa wa meza sita, atasema hana fedha za mashine mpya. Kozi ya bure ndiyo anayoiweza. Namhurumia, lakini mengi yanayookoa maisha hayauzwi dukani. Kufungua kufuli la mlango wa nyuma ni bure. Kupanga maboksi mazito chini na mepesi juu ni bure. Kumruhusu kibarua mpya azime mashine anapotilia shaka kunagharimu dakika kadhaa. Tena hiyo kozi ya bure mara nyingine si ya bure kwa kila mtu. Januari 2023 gazeti la New York Times liliandika habari za kozi ya mtandaoni iitwayo ServSafe, ambayo wafanyakazi wengi wa migahawa Marekani huilipia kama dola 15 mifukoni mwao. Inahusu usalama wa chakula zaidi ya usalama wa mpishi, lakini fuata pesa: kozi hiyo ni mali ya chama cha kitaifa cha wenye migahawa, chama ambacho huwashawishi wabunge wasipandishe kima cha chini cha mshahara. Mwosha vyombo alikuwa akichangia kampeni ya kumbania mshahara wake mwenyewe. California ilitunga sheria mwaka huohuo kwamba ada ailipe mwajiri, na muda wa kusoma uhesabiwe kuwa saa za kazi. Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981 ulikwisha kusema kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kwa kipimo hicho, kozi inayosomwa usiku nyumbani, kwa bando la mwanafunzi, kabla hajalipwa hata siku moja, imekwisha kuanza vibaya.

Na kwa nini basi cheti kinapendwa hivyo? Kwa sababu kina kazi nyingine ambayo haisemwi darasani. Siku mkono wa mtu unapoingia kwenye mashine, jalada hufunguliwa, na ndani yake kuna karatasi yenye jina lake, tarehe na alama 85. Alifundishwa. Alielewa. Alitia saini. Kuanzia hapo swali linageuka: badala ya kuulizwa kifuniko cha mashine kiliondolewa na nani, anaulizwa majeruhi kwa nini hakufuata alichofundishwa. Kozi iliyotolewa bila kifuniko kurudishwa ni bima ya bei rahisi kuliko zote, na anayekatiwa bima hiyo ni mwajiri. Siwatuhumu waajiri wote nia mbaya. Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba wametimiza wajibu. Ndiyo maana nasema waingie darasani.

Juni 2022 mkutano mkuu wa ILO mjini Geneva uliingiza mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, bega kwa bega na haki ya kuunda chama na katazo la kazi ya kulazimishwa. Nchi mwanachama inawajibika kuiheshimu haki hiyo hata kama haijaridhia mikataba inayohusika. Karibu na hapa, sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi akiona hatari kubwa au iliyo karibu amweleze msimamizi wake. Hilo ndilo jibu C, neno kwa neno. Lakini sheria haikuishia hapo kama katuni. Inaendelea kusema kwamba mpaka hatua za kuirekebisha hatari hiyo zichukuliwe, mwajiri hawezi kumtaka mfanyakazi arudi mahali pale. Nusu hii ya pili ndiyo inayopaswa kuwa slaidi ya kwanza ya kila kozi, kwa herufi kubwa, na isomwe kwa sauti kwa ajili ya asiyejua kusoma.

Basi, mwajiri unayenisikiliza, kabla hujamtumia kijana wako mpya kiungo cha kozi kwenye simu, kaa wewe na wasimamizi wako muifanye kwanza, mpaka mwisho, bila kurusha video mbele. Na mkifika kwenye lile swali la mafuta yaliyomwagika ghalani, bonyezeni C, kisha mwandike pembeni, kwa kalamu, jina la mtu atakayekuja na ndoo ya maranda na saa atakayofika.